Namna ya Kujenga Nadharia Kuhusu Miss Marple na Kuipima Kabla ya Kuitangaza

Katika hadithi fupi za mwanzo za Agatha Christie kuhusu Miss Marple, bibi mzee wa kijijini anayefumbua mauaji, zilizokusanywa mwaka 1932 katika kitabu "The Thirteen Problems", Raymond West, mpwa wa bibi huyo na mwandishi wa riwaya, anachumbia mchoraji aitwaye Joyce Lemprière. Katika vitabu vilivyofuata Raymond ana mke, naye ni mchoraji vilevile, ila sasa anaitwa Joan. Wapo wasomaji wanaoshikilia kwamba Raymond aliachana na Joyce akaoa mchoraji mwingine, na wapo wanaosema kwamba mtunzi alisahau jina, basi. Anayeweza kueleza kwa nini jibu moja ni bora kuliko jingine, bila kutegemea kile anachokipenda moyoni, anaweza kujenga nadharia yoyote kuhusu mpelelezi huyu ambaye hakuajiriwa na polisi wala kulipwa mshahara kwa kazi hiyo. Mwongozo huu unahusu namna ya kufika hapo.

Kuna mtego mmoja wa lugha unaotukabili sisi kabla hata ya kuanza. Kiingereza kina neno moja tu kwa mtoto wa kaka na mtoto wa dada, ilhali sisi tukisema "mpwa" kwa maana yake ya asili tumekwisha kudai kwamba Raymond alizaliwa na dada yake Miss Marple. Safari hii tumebahatika, kwa sababu jina la ukoo la West linaelekea huko huko. Mtoto wa kaka angetarajiwa kuitwa Marple. Hata hivyo dai hilo limeingizwa na Kiswahili chetu, na nadharia nyingi mbovu huanza hivyo hivyo, kwa neno ambalo msomaji alikuja nalo mwenyewe kisha akadhani amelikuta kitabuni.

Amua kwanza ni kipi kitakachohesabika kuwa ushahidi

Miss Marple yumo katika riwaya 12, ya kwanza ikiwa "The Murder at the Vicarage" ya mwaka 1930 na ya mwisho "Sleeping Murder" ya mwaka 1976, pamoja na hadithi fupi 20, ambazo ya kwanza ilichapishwa jaridani Desemba 1927. Ushahidi wako utoke humo. Sinema na tamthilia za televisheni ni tafsiri za watu wengine, nzuri au mbaya, na hazina haki ya kutoa ushahidi juu ya mhusika wa vitabuni.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu skrini imechafua kumbukumbu zetu kuliko tunavyojua. Kati ya mwaka 1961 na 1964 Margaret Rutherford aliigiza Miss Marple katika sinema nne, na mbili kati ya hizo zilitokana na riwaya za Hercule Poirot, mpelelezi mwingine wa Christie, ambazo bibi huyu hayumo kabisa, wakati nyingine haikutokana na riwaya yoyote. Mfululizo wa televisheni ulioanza Uingereza mwaka 2004 nao ulimwingiza katika "The Pale Horse" na "By the Pricking of My Thumbs", visa ambavyo vitabuni vilitatuliwa na watu wengine. Hata pale sinema inapofuata riwaya yake mwenyewe, jambo la msingi linaweza kugeuzwa. Katika riwaya "4.50 from Paddington" ya mwaka 1957, anayeona mwanamke akinyongwa ndani ya treni inayopita sambamba ni Elspeth McGillicuddy, rafiki wa Miss Marple, katika sinema ya mwaka 1961 anayeona ni Miss Marple mwenyewe. Mtu aliyeijua sinema peke yake atajenga hoja ndefu juu ya shahidi mmoja asiyeungwa mkono na yeyote, na hoja yote itaanguka siku atakapofungua kitabu. Mimi mwenyewe nilitetea kwa muda mrefu nadharia kwamba Miss Marple alimpoteza mpenzi wake, mwanajeshi mwenye mke, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, nikashangaa kwamba siipati sura inayosema hivyo. Haikuwepo. Mkasa ule ulitungwa kwa ajili ya mfululizo ule ule wa mwaka 2004.

Weka daftari, na kwa kila jambo unaloliona lina maana andika kitabu, sura, na jina la anayesema. Hilo la tatu ndilo watu huliacha, nalo ndilo lenye thamani kubwa. Chukua nadharia maarufu ya "Marple wawili", inayodai kwamba yule mbea mwenye ulimi mkali wa mwaka 1930 na yule bibi mpole wa riwaya za baadaye si mtu mmoja, au kwamba jambo zito lilimpata katikati akabadilika. Ushahidi wake mkuu ni kwamba katika "The Murder at the Vicarage" Miss Marple anaitwa paka mbaya kuliko wote kijijini, maana yake msengenyaji asiye na mfano. Lakini daftari litakuonyesha kwamba maneno hayo ni ya Griselda, mke kijana wa kasisi, ambaye anawachoka wageni wa chai, na kwamba riwaya nzima inasimuliwa na kasisi mwenyewe, mtu ambaye dirisha na bustani ya nyumba yake haviepuki macho ya jirani huyo. Katika riwaya za baadaye msimulizi mara nyingi yuko nje ya hadithi, na wakati mwingine tunaingizwa ndani ya mawazo ya bibi mwenyewe. Ni nani kati yetu asingeonekana mpole zaidi akitazamwa kutoka ndani? Mabadiliko yapo, siyakatai, ila sehemu yake kubwa ni mabadiliko ya anayetazama.

Andika dai lako kwa sentensi inayoweza kukanushwa

Kusema kwamba Miss Marple ana siri si nadharia. Kusema kwamba alikuwa jasusi mstaafu kunafanana na nadharia, lakini jiulize ni ukurasa upi ungeweza kulikanusha dai hilo. Akitaja ujasusi, ni ushahidi. Asipoutaja, ni ushahidi zaidi, maana jasusi hasemi. Dai la namna hiyo haliwezi kushindwa, na kwa sababu hiyo hiyo halina linalotufundisha.

Linganisha na dai hili: "Miss Marple anazeeka, lakini polepole kuliko kalenda ya vitabu vyake." Hapa tunaweza kushika kalamu. Christie aliandika katika tawasifu yake, iliyotoka mwaka 1977 baada ya kifo chake, kwamba Miss Marple alizaliwa akiwa tayari na umri wa miaka 65 hadi 70, jambo ambalo baadaye lilimletea usumbufu kwa kuwa bibi huyo alilazimika kuishi muda mrefu. Tukichukua umri wa chini kabisa, miaka 65 mwaka 1927, basi katika "Nemesis" ya mwaka 1971 angekuwa na miaka 109, akipanda basi la watalii na kutembelea majumba na bustani. Kwa hiyo umri hauendi na miaka ya uchapishaji. Je, umesimama kabisa? Hapana. Mwaka 1930 anainama bustanini na kutazama ndege, au kile anachokiita ndege, kwa darubini. Katika "The Mirror Crack'd from Side to Side" ya mwaka 1962 amekatazwa kuinama bustanini, amewekewa mwanamke wa kumtunza anayemsemesha kama mtoto mchanga, na kijiji chake cha St Mary Mead kimepata mtaa mpya wa nyumba pamoja na supamaketi. Kijiji kimepita miaka yake yote zaidi ya 30, yeye amepita labda kumi au kumi na mitano. Dai limepimwa, limesimama, na zaidi ya hapo limefungua swali linalofaa kufuatwa: ni nani wengine kijijini wanaozeeka kwa mwendo wake, na ni nani wanaozeeka kwa mwendo wa kalenda?

Tenganisha siri na usahaulifu wa mtunzi

Hapa ndipo nadharia nyingi hufia, na ni vyema zife mikononi mwako kabla ya kufia mikononi mwa wengine. Unapokuta mgongano kati ya vitabu viwili, uliza kama mfuatano wa kuandikwa unatosha kuueleza, kama mgongano huo unafanya kazi yoyote katika mkasa, na kama kuna mhusika hata mmoja anayeutambua.

Kanali Arthur Bantry wa Gossington Hall ni mfano bora. Katika riwaya ya mwaka 1962 amekwisha kufa na mkewe Dolly ni mjane. Katika "Sleeping Murder", iliyotoka mwaka 1976, yu hai. Ukifuata tarehe za jalada peke yake unaweza kutunga kisa cha kusisimua cha mtu aliyejifanya amekufa. Lakini "Sleeping Murder" iliandikwa miongo kadhaa kabla ya kutolewa, ikahifadhiwa ili itoke mwishoni, na wakati wa kuandikwa kwake Kanali alikuwa bado hajafishwa. Swali la kwanza limemaliza kesi.

Kaunti ya St Mary Mead ni kesi ngumu kidogo. Katika "The Murder at the Vicarage" kijiji kiko Downshire, katika "The Body in the Library" ya mwaka 1942 kiko Radfordshire, zote mbili kaunti za kubuni, na juu ya hayo kuna St Mary Mead nyingine huko Kent katika "The Mystery of the Blue Train" ya mwaka 1928, riwaya ya Poirot. Kile cha Kent unaweza kukikubali kuwa kijiji kingine chenye jina hilo hilo, kwa maana hakuna jirani wa Miss Marple anayeonekana humo. Hicho cha Downshire na Radfordshire hakikubali suluhisho hilo, kwa kuwa mkuu wa polisi katika riwaya zote mbili ni Kanali Melchett yule yule. Hakuna mhusika anayeshangaa, na mkasa haubadiliki kwa lolote. Mtunzi hakujali, nasi tusimlazimishe kujali.

Sasa mrudie Joyce na Joan. Wote wawili ni wachoraji, wote wawili wanamhusu Raymond yule yule, majina yanaanza kwa herufi moja, na hakuna mahali ambapo Raymond anasemwa kuwa amewahi kuachana na mke, jambo ambalo wanakijiji wa St Mary Mead wasingelikalia kimya hata kwa alasiri moja. Kwa hukumu yangu hilo ni jina lililosahauliwa. Anayetaka ndoa mbili anapaswa kuleta sentensi moja inayomkumbuka Joyce baada ya Joan kuingia.

Kesi inayopendwa kuliko zote: Miss Marple ndiye muuaji

Kila mpelelezi wa hadithi asiyeajiriwa hutupiwa tuhuma hii, kwa hoja kwamba kila aendako mtu hufa. Usiicheke, ihesabu. Chora safu tatu katika daftari: nani alikufa kwanza, Miss Marple alikuwa wapi saa hiyo, na nani alimwita. Kazi hiyo haihitaji zaidi ya siku chache za kupitia sura za mwanzo, na matokeo yake ni ya kushangaza kwa anayemjua kwa kumsikia tu.

Katika "4.50 from Paddington" hayumo ndani ya treni yoyote kati ya zile mbili, na kwa kuwa mwili haupatikani na yeye hana tena nguvu za kutafuta vichakani, anamtuma Lucy Eyelesbarrow kuingia katika nyumba inayoshukiwa kama mfanyakazi wa nyumbani. Katika "The Body in the Library" maiti inakutwa maktabani kwa akina Bantry, na Dolly ndiye anayempigia simu. Katika "A Pocket Full of Rye" ya mwaka 1953 anafika baada ya kusoma habari za vifo magazetini. Katika "The Moving Finger" anaingia mkasa ukiwa umekwenda mbali sana, kwa mwaliko wa mke wa kasisi, hata msomaji asiye mwangalifu anaweza kuhisi amefika kuaga. Hadithi za "The Thirteen Problems" kwa sehemu kubwa ni za mambo yaliyokwisha kutokea, yanayosimuliwa na wageni sebuleni huku yeye akifuma. Inabaki "A Caribbean Mystery" ya mwaka 1964, ambapo Meja Palgrave anakufa hotelini muda mfupi baada ya kuzungumza naye, na hapo mwenye tuhuma ana haki ya kuinua nyusi, lakini kisa kimoja au viwili kati ya vyote si mwenendo.

Faida ya kuhesabu ni kwamba tuhuma ikishakufa huacha mbegu. Safu ya tatu, ile ya nani alimwita, inaonyesha kwamba Miss Marple hufika kwa njia ya wanawake: rafiki wa shule, mke wa kasisi, jirani, msichana wa kazi aliyewahi kumfundisha. Wapo wanaume wanaomfungulia milango ya polisi, hasa Sir Henry Clithering aliyewahi kuongoza Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, ila habari zenyewe kwa kawaida humfikia kwa mtandao mwingine kabisa. Nadharia kwamba nguvu yake iko katika mtandao huo, na kwamba kumbukumbu yake ya tabia za wanakijiji ni matunda yake, inaweza kukanushwa, na mpaka sasa safu zangu hazijaikanusha.

Pale vitabu vinapotofautiana juu ya jambo la moyoni

Kuhusu mapenzi ya ujana wake kuna sehemu mbili zinazofaa kusomwa pamoja. Katika "At Bertram's Hotel" ya mwaka 1965 anamkumbuka kijana asiyefaa ambaye mama yake alimzuia asiendelee naye, na anakiri kwamba hata jina la kijana huyo limemtoka. Katika "A Caribbean Mystery" anamkumbuka kijana mwingine aliyekutana naye kwenye karamu ya mchezo wa bustanini, ambaye baba yake, kinyume na alivyotarajia, alimkaribisha kwa mikono miwili. Kijana akaja nyumbani mara kadhaa, na Jane, yaani Miss Marple mwenyewe, akagundua kwamba anachosha mno. Usiwachanganye vijana hao wawili kuwa mmoja kwa ajili ya kupata kisa kimoja kizuri. Mmoja alizuiwa na mzazi, mwingine alipokewa na mzazi akakataliwa na binti. Zikisomwa hivyo, kumbukumbu hizi hazimwonyeshi mwanamke aliyevunjika moyo maisha yake yote. Zinamwonyesha mtu anayejicheka, na nadharia yoyote ya huzuni kuu inapaswa kwanza kueleza kicheko hicho.

Tafuta minyororo, na uihesabu pete zake

Nadharia zenye nguvu kuliko zote ni zile zinazounganisha vitabu kwa mtu anayetoka kimoja na kuingia kingine. Mfano wa kujifunzia ni swali kama Miss Marple na Poirot wanaishi katika dunia moja, ilhali hawakutani kamwe. Mwaliko wa Miss Marple katika "The Moving Finger" unatoka kwa Bi Dane Calthrop. Bi Dane Calthrop na mumewe kasisi wanaonekana tena katika "The Pale Horse" ya mwaka 1961, ambamo yumo pia Ariadne Oliver, mwandishi wa riwaya za upelelezi na rafiki wa Poirot. Pete tatu, kila moja ni mtu mwenye jina na ukurasa. Huhitaji kubuni lolote, na ndiyo maana nadharia hii inasimama bila kelele.

Jaribu sasa mnyororo wenye pete zinazolegea. Katika "Sleeping Murder" vijana wawili wanaomtembelea daktari katika hospitali ya wagonjwa wa akili wanakutana na bibi mwenye nywele nyeupe, ameshika glasi ya maziwa, anayeuliza kama yule ni mtoto wao maskini, na kutaja mahali pa moto palipojengwa ukutani. Tukio linalofanana sana na hilo linasimuliwa katika "The Pale Horse", na jingine linaanzisha "By the Pricking of My Thumbs" ya mwaka 1968, ambamo bibi huyo ana jina, Bi Lancaster, na anahamishwa ghafla kutoka katika nyumba ya wazee. Je, ni mwanamke mmoja?

Fuata utaratibu. Kwa mfuatano wa kuandikwa, tukio lililotoka mwisho huenda ndilo lililoandikwa mwanzo, na mtunzi aliyekuwa na mswada uliofungiwa kabatini angeweza kulitumia tena bila msomaji yeyote kujua. Hilo linapunguza uzito wa mfanano. Kwa swali la pili, katika riwaya ya mwaka 1968 tukio hilo ndilo mhimili wa mkasa wote, ilhali katika zile nyingine mbili linapita kama upepo. Kwa swali la tatu, hakuna anayesema kwamba amewahi kusikia habari hizo kwingine. Hata hivyo kuna jambo linaloipa nadharia pumzi: Bi Lancaster ni mtu wa kuhamishwa, na mtu wa kuhamishwa anaweza kuonekana na watu wasiojuana, mahali tofauti, akiwa na maziwa yale yale mkononi. Mimi naona ni picha iliyomganda mtunzi akilini, lakini nadharia ya mwanamke mmoja ningeikubali kuandikwa, mradi mwandishi wake aeleze waziwazi kwamba pete ya jina ipo katika kitabu kimoja tu.

Unapofika kuandika, anza na ukurasa unaokusumbua, si na jibu lako, na weka pingamizi kubwa kabisa mapema, kabla msomaji hajalifikiria. Taja vitabu vyote utakavyogusa mwanzoni kabisa. Kama hoja yako haiwezi kwenda bila kumtaja muuaji, andika mstari unaojitegemea unaosema ni kitabu gani kinachofichuliwa kuanzia hapo, kisha acha nafasi ya kutosha kwa asiyekisoma kuyaondoa macho yake.